DIRISHA, JUA NA DENI LA HEWA YA UKAA KATIKA UMRI WA NYUMBA

Utangulizi

Mtu ajengapo nyumba mjini Dar es Salaam, fikira zake huwa zaidi juu ya msingi, kuta na paa. Dirisha hukumbukwa mwishoni, na mara nyingi huchaguliwa kwa sura na kwa bei. Fundi huulizwa kama liwe la mbao au la alumini, na kama kioo kiwe cheupe au cha rangi. Ama upande lielekeapo, huo huamuliwa na umbo la kiwanja. Nyumba ikishakwisha na familia ikishahamia, ndipo hudhihirika kwamba chumba cha upande wa magharibi hakilaliki mpaka usiku uwe mkubwa. Hapo hununuliwa kiyoyozi, na tangu siku hiyo nyumba huanza kulipa kila mwezi kosa lililofanywa siku moja.

Malipo hayo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni fedha za umeme, nayo kila mwenye nyumba anayajua. Ya pili hayaandikwi katika hesabu yoyote ya nyumbani: ni hewa ya ukaa, yaani kabonidioksidi, itokayo katika vituo vya umeme viunguzavyo gesi asilia au mafuta. Hewa hiyo hukaa angani kwa muda mrefu sana, na kazi yake huko ni kuzuia sehemu ya joto la dunia lisitoke. Duniani kote, nishati itumikayo katika majengo, kwa kupasha joto, kupoza, kumulika na kuendesha vyombo, husababisha takriban robo ya hewa yote ya ukaa itokanayo na matumizi ya nishati.

Nyumba ijengwayo leo yaweza kusimama miaka 30, 50 au zaidi. Kwa hiyo uamuzi juu ya dirisha si jambo dogo. Ni deni linalowekwa juu ya watu watakaoishi humo, pamoja na wale ambao hawajazaliwa. Makala hii yaeleza jinsi deni hilo linavyopatikana, linavyoweza kupimwa, na linavyoweza kupunguzwa. Aidha, itaonyeshwa kwa nini dirisha lililo bora kwa nchi za baridi si lazima liwe bora kwa nchi za joto.

Jinsi joto lipitavyo dirishani

Joto hupita dirishani kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni mpitisho: joto hupenya ndani ya kioo chenyewe kutoka upande wenye joto kwenda upande wenye baridi, kama vile mpini wa kijiko upatavyo moto kijiko kikiachwa katika uji. Njia ya pili ni mwendo wa hewa, ambao huchukua joto katika mianya ya fremu na katika dirisha lililo wazi. Njia ya tatu ni mnururisho, yaani joto lisafirilo kwa mionzi bila kuhitaji kitu cha kulibeba. Hivyo ndivyo joto la jua lifikavyo duniani.

Kioo kina tabia moja ambayo hapana budi ieleweke vizuri. Mionzi ya jua, ile ionekanayo na sehemu kubwa ya ile isiyoonekana, hupita kiooni kwa urahisi. Ikiisha kuingia, hupiga sakafu, kuta na viti, na vitu hivyo hupata joto. Navyo hutoa mionzi yao, lakini mionzi hiyo ni ya mawimbi marefu zaidi, na kioo hakiipitishi. Kwa njia hii joto huingia kwa urahisi na kutoka kwa shida. Kila aliyepata kufungua mlango wa gari lililoachwa juani saa nane za mchana ameliona jambo hili kwa ngozi yake mwenyewe.

Ubora wa dirisha basi hupimwa kwa vipimo viwili. Kipimo cha kwanza huonyesha ni wati ngapi za joto zipitazo katika mita mraba moja ya kioo kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya halijoto kati ya nje na ndani. Kwa kioo kimoja cha kawaida kipimo hiki ni kama 5.7. Kipimo cha pili huonyesha ni sehemu gani ya joto la jua lipigalo kioo huingia ndani. Kwa kioo cheupe chembamba, sehemu hiyo ni asilimia 85 hivi. Vipimo hivi viwili havina uzito sawa katika kila nchi.

Dirisha la nchi za baridi

Katika nchi za Ulaya ya Kaskazini, adui wa mwenye nyumba ni joto linalotoroka. Bei ya mafuta ilipopanda ghafula mwaka 1973, nchi hizo zilianza kutafuta kwa bidii njia za kulizuia joto lisitoke majumbani. Vioo viwili vyenye nafasi ya hewa kati yao hupunguza kipimo cha kwanza kutoka 5.7 hadi 2.8 hivi. Baadaye wataalamu walipaka kwenye kioo utando mwembamba mno wa metali, usioonekana kwa macho, ambao huyarudisha mawimbi marefu ya joto chumbani. Nafasi kati ya vioo nayo ilijazwa gesi ya argoni, ambayo hupitisha joto kwa shida kuliko hewa. Kwa njia hizo kipimo kilishuka hadi 1.2 hivi. Mwaka 1991, katika mji wa Darmstadt nchini Ujerumani, zilikamilishwa nyumba zenye madirisha ya vioo vitatu na kuta nene za kuzuia joto, ambazo zilihitaji nishati kidogo sana ya kupashia joto wakati wa baridi.

Faida yake yaweza kukadiriwa kwa hesabu fupi. Chukua mahali ambapo kwa siku 200 za mwaka halijoto ya nje ni nyuzi 5 za Sentigredi kwa wastani, na ndani hutakiwa nyuzi 20. Tofauti ni nyuzi 15. Katika siku hizo zote, kila mita mraba ya kioo kimoja hupoteza kilowati-saa 410 hivi, wakati vioo viwili vyenye utando na argoni hupoteza 86 tu. Akiba ni kilowati-saa 324. Nyumba ikipashwa joto kwa gesi, akiba hiyo ni sawa na kilo 65 za hewa ya ukaa kila mwaka kwa kila mita mraba. Kioo cha pili, utando wake na gesi yake, huenda vimegharimu kilo 20 hivi kiwandani. Deni hilo hulipwa kabla majira ya baridi ya kwanza hayajaisha. Ndiyo maana dirisha la namna hii lasifiwa huko, na sifa hiyo ni ya haki.

Hesabu ya pwani

Sasa hesabu hiyo hiyo ifanywe kwa chumba cha Dar es Salaam kielekeacho magharibi, saa kumi za jioni. Nje ni nyuzi 31. Ndani kiyoyozi kinadumisha nyuzi 26. Tofauti ni nyuzi 5 tu. Kwa hiyo joto liingialo kwa mpitisho katika kila mita mraba ya kioo kimoja ni wati 28 hivi. Lakini jua la jioni lipigalo dirisha hilo laweza kufika wati 500 kwa mita mraba, na asilimia 85 ya hizo, yaani wati 425, huingia ndani. Jumla ni wati 453, na katika hizo sehemu ya jua ni mara 15 ya sehemu ya mpitisho.

Mwenye nyumba akiagiza vioo viwili vyeupe visivyo na utando, mpitisho utapungua hadi wati 14, na jua liingialo litapungua hadi 375 hivi. Jumla itakuwa 389. Amepunguza joto kwa asilimia 14. Akiacha kioo chake kimoja, lakini akaweka nje yake kivuli kinachozuia robo tatu za jua, jumla itashuka hadi wati 134. Amepunguza asilimia 70. Kivuli cha mbao, cha mkeka au cha mti kimefanya kazi mara tano ya ile ya kioo cha pili.

Hapa ndipo lilipo fundisho kuu. Katika nchi za baridi dirisha hutakiwa kulizuia joto lisitoke; pwani hutakiwa kulizuia jua lisiingie. Adui ni tofauti, basi na ngao ni tofauti. Tena ngao hiyo hapana budi iwe nje ya kioo. Pazia la ndani, hasa la rangi nyeusi, hulipokea jua likiwa limekwisha kuingia. Pazia hupata joto na kuligawa chumbani. Kioo cha rangi iliyoiva nacho hulinyonya jua, kikapata moto chenyewe, na sehemu ya moto huo huelekea ndani. Zaidi ya hayo, chumba huwa na giza na watu huwasha taa mchana.

Deni la miaka 30

Chukua dirisha hilo la magharibi lenye mita mraba 2, lisilo na kivuli. Tuseme jua kama lile huingia kwa saa 3 kila siku, kwa siku 250 za mwaka. Kila siku huingia joto la kilowati-saa 2.55. Kiyoyozi kizuri huondoa sehemu tatu za joto kwa kutumia sehemu moja ya umeme. Basi hutumia kilowati-saa 0.85 kwa siku, yaani uniti 212 kwa mwaka, kwa ajili ya jua la dirisha moja tu. Umeme huo ukitoka katika kituo cha gesi kitoacho nusu kilo ya hewa ya ukaa kwa kila uniti, deni la mwaka ni kilo 106. Kwa miaka 30 ni zaidi ya tani 3. Kivuli kinachozuia robo tatu za jua huokoa karibu tani 2.4.

Lakini hesabu ya umri wa nyumba haianzi siku ya kuwasha kiyoyozi. Huanzia kiwandani. Kioo hutengenezwa kwa mchanga mweupe, chokaa na magadi, mfano wa yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Mchanganyiko huo huyeyushwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,500 na zaidi. Hewa ya ukaa hutoka katika moto wa tanuri, na nyingine hutoka katika chokaa na magadi yenyewe yanapoyeyuka. Kwa makadirio ya kawaida, kilo moja ya kioo hugharimu kilo 1.3 hivi za hewa ya ukaa. Dirisha la mita mraba 2 lenye kioo cha milimita 5 lina kilo 25 za kioo, basi deni lake ni kilo 32 hivi.

Fremu yaweza kuwa na deni kubwa kuliko kioo. Alumini mpya husafishwa kwa umeme mwingi mno, na wastani wa dunia ni kama kilo 15 za hewa ya ukaa kwa kila kilo ya metali. Fremu yenye kilo 8 za alumini mpya basi hubeba deni la kilo 120, karibu mara nne ya deni la kioo chake. Alumini iliyoyeyushwa upya kutoka vyuma chakavu huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati hiyo. Ama mbao, mti ulipokuwa ukikua uliinyonya hewa ya ukaa, na sehemu yake hubaki imefungwa katika mbao maadamu haijaoza wala kuchomwa. Hata hivyo sifa hiyo ni ya mbao zilizovunwa katika shamba linalopandwa upya, si za msitu uliofyekwa na kuachwa.

Kuna jambo jingine la kuzingatiwa. Tanzania imejenga bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Kadiri umeme wa maji na wa jua unavyoongezeka, ndivyo kila uniti inavyobeba hewa ya ukaa kidogo zaidi. Hali hiyo haiondoi haja ya kivuli, bali huligeuza deni: sehemu ya matumizi hupungua, na sehemu ya kiwandani, yaani kioo na hasa alumini, huwa kubwa zaidi katika jumla. Mjenzi mwenye busara hapunguzi deni moja kwa kuongeza jingine.

Kupima kivuli

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, nyuzi 60 juu ya upeo. Mwezi Desemba huwa upande wa kusini, nyuzi 73 juu ya upeo. Katika hali zote mbili jua la adhuhuri liko juu sana, na upenu mfupi hutosha kulizuia.

Dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.2 hufunikwa lote adhuhuri ya Juni na upenu uliochomoza sentimita 70 kutoka ukutani, ikiwa upenu huo unaanzia usawa wa kichwa cha dirisha. Dirisha la kusini lenye kimo hicho huhitaji sentimita 36 tu mwezi Desemba. Lakini mambo hubadilika kwa upande wa magharibi. Mwanzoni mwa Machi, saa kumi na moja za jioni, jua liko nyuzi 24 tu juu ya upeo, na upenu ungehitaji kuchomoza karibu mita 2.7. Huo si upenu tena bali ni baraza.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ni kuilaza nyumba ili urefu wake uende mashariki hadi magharibi, na madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini. Kanuni ya pili ni kwamba dirisha la mashariki au magharibi, kama haliepukiki, liwe dogo na likingwe kwa kitu kilichosimama: mbawa za mbao zenye mapengo, ukuta wa matofali yenye matundu, baraza pana, au mti wa kivuli kama mwarobaini au mwembe. Wahenga wa pwani waliyajua hayo. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika Lamu, kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba ambamo nyumba moja huitilia nyingine kivuli, na mbao za madirisha zinazopitisha upepo huku zikizuia jua, vilifanya kazi hiyo kabla umeme haujafika.

Upepo na wavu wa mbu

Deni dogo kuliko yote ni la kiyoyozi ambacho hakikuhitajika kununuliwa. Pwani ina pepo mbili kuu: kusi, uvumao kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka, na kaskazi, uvumao kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Chumba chenye dirisha moja tu hakipitishi upepo vizuri, kwa kuwa upepo hauingii mahali usipopata pa kutokea. Hapana budi pawe na madirisha mawili katika kuta tofauti, au dirisha na tundu juu ya mlango.

Namna ya kufunguka nayo ina maana kubwa. Dirisha la kusukuma la vioo viwili, ambalo limeenea sana mijini, hufunguka nusu yake tu. Nusu nyingine hubaki imefunikwa daima. Dirisha la bawaba hufunguka lote, na vioo vya luva hufunguka karibu vyote. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyenunua dirisha la kusukuma la mita mraba 2 amenunua mita mraba 1 ya upepo. Wavu wa mbu, ambao katika nchi yenye malaria hauwezi kuachwa, hupunguza upepo zaidi, hasa ukijaa vumbi. Dawa yake si kuuondoa wavu, bali ni kulipanua tundu na kuuosha wavu mara kwa mara.

Mahali ambapo kiyoyozi ni lazima, kama chumba cha upasuaji au maabara, shauri ni jingine. Huko mianya ya fremu izibwe vizuri, kivuli kiwe nje, na kioo chenye utando wa kulirudisha jua kitumike. Kioo cha namna hiyo chaweza kupitisha chini ya theluthi moja ya joto la jua huku kikiacha mwanga wa kutosha.

Nyanda za juu nazo zina kanuni zake. Njombe, usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi kali, na dirisha la kaskazini lisilo na upenu mrefu hulikaribisha jua la mchana ambalo huzipasha joto kuta na sakafu kwa ajili ya usiku. Lakini tahadhari ni lazima: chumba kilichozibwa vizuri kisiwashwe kamwe jiko la mkaa, kwa maana jiko hilo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Jaribio

Wanafunzi waweza kuyathibitisha mambo haya kwa maboksi matatu ya karatasi ngumu yaliyo sawa na vipimajoto vitatu. Kila boksi likatwe tundu upande mmoja, na tundu lifunikwe kwa kioo au plastiki nyeupe. Boksi la kwanza liachwe hivyo. La pili liwekewe pazia jeusi ndani ya kioo. La tatu liwekewe ubao nje, sentimita 5 mbele ya kioo. Yote yaelekezwe magharibi kuanzia saa tisa za alasiri, na halijoto iandikwe kila baada ya dakika 10 kwa muda wa saa moja. Itaonekana ni ngao ipi ifanyayo kazi, na ni ipi inayodanganya macho.

Hitimisho

Kwa ufupi, dirisha bora la pwani huanza na upande lielekeapo, hufuatwa na kivuli cha nje, kisha tundu la upepo, kisha fremu yenye deni dogo, na mwisho kabisa aina ya kioo. Mara nyingi mjini utaratibu huu hupinduliwa: kioo huchaguliwa kwanza, na jua hukumbukwa mwishoni. Gharama ya kuusahihisha juu ya karatasi ya mchoro ni ndogo sana. Gharama ya kuusahihisha ukuta ukishasimama ni kubwa. Kwa hiyo ni wajibu wa mchoraji, fundi na mwenye nyumba kusimama pamoja kiwanjani kabla msingi haujachimbwa, saa kumi za jioni, na kulitazama jua linakotua.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini pazia la ndani halifanyi kazi sawa na kivuli cha nje.

2. Dirisha la kaskazini mjini Dar es Salaam lina kimo cha mita 1.5. Upenu wake uchomoze kiasi gani ili ulifunike lote adhuhuri ya Juni? (Jibu: karibu sentimita 87.)

3. Fremu ya alumini mpya ina kilo 6. Kadiria deni lake la hewa ya ukaa, kisha lilinganishe na deni la kilo 20 za kioo. (Jibu: kilo 90 kwa kilo 26.)